Ota Benga: Kimo Kiliandikwa, Lugha Haikuandikwa

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tumezoea kuanza kazi ya uwanjani kwa karatasi moja ndogo. Juu yake tunaandika jina la msemaji, umri wake, kijiji chake, lugha aliyonyonya kwa mama, na lugha nyingine anazozijua. Ni karatasi ya kawaida, hata inachosha. Lakini ukiichukua na kujaribu kuijaza kwa maisha ya Ota Benga, Mkongo aliyejulikana sana Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, utaona kuna nafasi inayobaki wazi. Umri wake uliandikwa. Kimo chake kiliandikwa, na uzito wake, na umbo la meno yake. Lugha yake haikuandikwa.

Wengi wetu tumemsikia kama yule mbilikimo aliyewekwa pamoja na nyani huko New York, na habari inaishia hapo. Zile ni siku chache tu katika maisha ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka thelathini, akavuka bahari mara tatu, akaoa mara mbili, akafanya kazi na kuwafundisha watoto wa watu. Katika makala hii ninamfuata toka Kasai mpaka Virginia, na kila anapofika ninauliza swali moja: hapa, ni nani aliyekuwa anasema kwa niaba yake?

Kutoka Kasai

Ota Benga alizaliwa karibu na mwaka 1883 katika misitu ya bonde la mto Kasai. Miaka miwili baadaye nchi yote ikawa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ikaitwa Dola Huru ya Kongo. Wazee wetu waliuita utawala ule Bula Matari. Vijiji vilidaiwa mpira na pembe za ndovu, na kijiji kilichoshindwa kutoa kilitembelewa na askari wa Force Publique. Watu wa msituni, walioishi kwa kuwinda na kukusanya asali, hawakuepuka. Habari iliyoenea inasema kwamba siku moja Ota Benga alirudi kutoka mawindoni akakuta kambi imeharibiwa, mke wake na watoto wake wawili wameuawa. Baadaye yeye mwenyewe alishikwa akauzwa utumwani.

Mwaka 1904 alinunuliwa na Samuel Phillips Verner, Mmarekani kutoka South Carolina. Verner aliijua Kasai. Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliishi huko akiwa mmisionari wa Wapresibiteri, ambao kituo chao kilikuwa Luebo, na alikuwa amejifunza Tshiluba kiasi. Sasa alirudi akiwa na kazi nyingine: waandaaji wa maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Saint Louis walimpa mkataba wa kuwaletea mbilikimo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimnunua Ota Benga kwa chumvi na jora la kitambaa, na kwa hiyo akawa amemwokoa.

Hapo msomaji lazima asimame kidogo. Karibu kila tunachokijua juu ya Ota Benga kabla ya mwaka 1904 kimepita katika mdomo wa Verner, mtu aliyefaidika na habari ile. Verner aliisimulia zaidi ya mara moja, na masimulizi yake hayakulingana. Kitabu cha kwanza kikubwa juu ya maisha ya Ota Benga, kilichotoka mwaka 1992, mmoja wa waandishi wake alikuwa mjukuu wa Verner. Baadaye watafiti wengine walirudi kwenye nyaraka na kuonyesha jinsi mkombozi huyo alivyokuwa mfanyabiashara. Kifo cha mke na watoto kinafanana sana na mambo yaliyotendeka Kasai wakati ule, kwa hiyo hakuna sababu ya kukikataa. Lakini hatukipati kwa maneno ya mtu aliyefiwa. Tunakipata kwa maneno ya aliyemnunua.

Hata jina la kabila lake limevurugika. Vitabu vingi vinamwita Mbuti. Bambuti, kama kila mwanafunzi wa kitivo chetu anavyojua, ni watu wa msitu wa Ituri, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mahali aliponunuliwa. Vingine vinamwita Mutwa, kwa sababu Batwa wako Kasai na wale aliosafiri nao walikuwa Batwa. Vingine vinasema Chirichiri. Kwa macho ya wanunuzi tofauti hiyo haikuwa na maana. Mbilikimo ni mbilikimo. Kwa mwanaisimu tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Waefe wa Ituri wanasema lugha iliyo karibu sana na Kilese, ambayo si ya Kibantu. Wasua na Wakango wanasema namna ya Kibila, ambayo ni ya Kibantu. Waasua wana lugha yao wenyewe. Batwa wengi wa Kasai wanatumia lugha za Kibantu za majirani zao. Ukikosea jina la watu, umekosea familia nzima ya lugha.

Saint Louis

Maonyesho ya Saint Louis yalifunguliwa mwishoni mwa Aprili 1904 na kufungwa mwanzoni mwa Desemba. Watu wapatao milioni 19 waliingia. Idara ya anthropolojia, chini ya W J McGee, ilikusanya watu wa asili kutoka pande nyingi: Waainu wa Japani, Watehuelche wa Patagonia, Waigorot wa Ufilipino, na mataifa mengi ya Wahindi Wekundu. Geronimo, kiongozi wa Waapache, ambaye bado alikuwa mfungwa wa Serikali ya Marekani, alikuwepo pia. Mpango ulikuwa kuonyesha ngazi za maendeleo ya binadamu, na waliopanga walijua mapema nani atakaa juu na nani atakaa chini. Wakongo waliwekwa chini kabisa.

Wataalamu walipima. Walipima vichwa, mikono, vimo. Mwezi wa Agosti waliwafanya watu wa asili washindane kukimbia na kurusha vitu, ili matokeo yalinganishwe na ya wanamichezo wazungu. Wageni nao walitaka kuona meno ya Ota Benga, yaliyochongwa yakawa na ncha kama vijana wengi wa Kasai walivyofanya kwa urembo. Magazeti yaliandika kuwa ni meno ya mla watu. Ota Benga alielewa haraka soko lilivyo. Alianza kudai senti tano kwa kila aliyetaka kuyatazama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza, katika habari zake, tunapomwona akiamua jambo mwenyewe.

Na jina lake? Magazeti ya Saint Louis yaliliandika Artiba, Autobank, Otabenga na namna nyingine nyingi. Tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba katika lugha nyingi za Kongo toni inatofautisha maana. Hakuna aliyeandika toni za jina lake. Hata kama jina ni moja au ni mawili, maandiko hayakubaliani. Leo tunasema Ota Benga kwa sababu ndivyo magazeti yalivyozoea hatimaye.

Kurudi, na kuondoka tena

Mwaka 1905 Verner aliwarudisha Batwa Kongo, na Ota Benga akarudi nao. Mwenda kwao si mtumwa, wahenga walisema. Lakini Ota Benga alikwenda kwao asikute mtu wake. Alikaa na Batwa, akaoa tena miongoni mwao, na mke huyo wa pili, kwa habari tulizo nazo, alikufa kwa kuumwa na nyoka. Tunaambiwa kwamba majirani walimwona kama mtu mwenye bahati mbaya, na kwamba ni yeye aliyeomba kuondoka na Verner kwa mara ya pili. Hilo pia limepita katika mdomo ule ule.

Mwaka 1906 walifika New York. Verner hakuwa na fedha. Kwanza alimwacha Ota Benga katika makumbusho ya elimu ya viumbe, pamoja na mizigo yake mingine. Alilala na kutembea ndani ya jengo lile, na akachoka nalo. Kisha akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, iliyoongozwa na William Hornaday. Mwanzoni alitembea kwa uhuru na kusaidia kuwahudumia wanyama. Halafu akaelekezwa kulala na kukaa katika nyumba ya nyani, na tarehe 8 Septemba 1906 watu walianza kujaa kumtazama ndani ya kizimba pamoja na orangutani aitwaye Dohong. Jumapili iliyofuata wiki ile, wageni wapatao 40,000 waliingia bustanini.

Mbele ya kizimba walitundika kibao. Kiliandika jina lake, miaka 23, kimo cha futi 4 na inchi 11, yaani karibu sentimita 150, na uzito wa ratili 103, karibu kilo 47. Kilisema ameletwa kutoka mto Kasai, kikamtaja aliyemleta, na kikatangaza kwamba ataonyeshwa kila alasiri mwezi wa Septemba. Kibao kile ndicho karatasi ya uwanjani ya Ota Benga. Jina la Verner lilipata nafasi, tena na cheo. Watu wa Ota Benga hawakutajwa zaidi ya kuitwa mbilikimo wa Kiafrika, na lugha haikutajwa kabisa. Mnyama naye huandikiwa jina, kimo, uzito na mahali alikotoka. Kibao kile kilikuwa cha aina hiyo, na ndiyo maana neno lugha halikukosekana machoni pa waliokisoma.

Wachungaji weusi wa New York walikisoma kwa macho mengine. Wakiongozwa na James H. Gordon, msimamizi wa makao ya yatima weusi ya Howard huko Brooklyn, walikwenda kwa wakubwa wa bustani, kisha wakataka kumwona meya George McClellan. Meya alikataa kuwapokea. Hata hivyo kelele zilikua, Ota Benga mwenyewe akaanza kupambana na watu waliomsukuma na kumcheka, na kabla ya mwezi kwisha aliondolewa akapelekwa kwa Gordon. Tuwataje wachungaji hao kwa heshima. Wao nao walikuwa watu wa kubaguliwa, na wengi wao walikuwa watoto au wajukuu wa watumwa, lakini walitambua kwamba aliyemo kizimbani ni mwenzao.

Vitabu viwili vya mwaka mmoja

Kuna jambo moja la mwaka huo wa 1906 ambalo wasomaji wa jarida hili, nadhani, watalipenda na litawauma. Mwaka huo huo, katika mji huo huo wa New York, kilichapwa kitabu cha sarufi na kamusi ya Tshiluba. Mtungaji wake alikuwa William Morrison, mmisionari wa Luebo, wa misheni ile ile iliyomtuma Verner Kasai mara ya kwanza. Ni kazi kubwa, na ni moja ya misingi iliyofanya Tshiluba iandikwe, ifundishwe shuleni na kuhubiriwa. Leo Tshiluba ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiswahili.

Kwa hiyo vitu viwili kutoka Kasai vilifika New York mwaka mmoja. Lugha moja ilifika ikapata vitenzi vyake, ngeli zake na maelfu ya maneno yake kwenye kurasa. Mtu mmoja alifika na lugha yake kinywani, na waliomzunguka wakatazama meno.

Simlaumu Morrison. Alichagua lugha iliyosemwa na watu wengi, kama misheni zote zilivyofanya, na alitetea pia watu wa Kasai dhidi ya Bula Matari. Ninataka tu tuone jinsi usawa unavyokosekana kati ya lugha na lugha hata kwenye mto mmoja. Tumezoea kusema kwamba Kifaransa kilizikandamiza lugha zetu. Ni kweli. Lakini chini ya Kifaransa kuna ngazi nyingine, na watu wa msituni wako kwenye kidato cha mwisho. Lugha ya jirani iliandikwa, ikawa ya shule na ya kanisa. Watu wa msituni wakajifunza lugha ya jirani ili wabadilishane nyama na chumvi, na vizazi vikapita, na ile ya zamani, pale ilipokuwapo, ikaachwa. Watafiti wamegundua kwamba Waaka na Wabaka, wa upande wa magharibi wa msitu wa Kongo, wanasema lugha za familia mbili tofauti, lakini wanashirikiana maneno mengi ya mambo ya msitu: asali, wanyama, mimea, vifaa vya kuwindia. Maneno hayo ni alama za kitu cha zamani zaidi. Je, Ota Benga alikuwa na maneno ya namna hiyo? Aliishi miaka kumi kati ya wasomi na walimu, na nafasi ya kumwandikia maneno hayo ikapita.

Lynchburg

Januari 1910 Ota Benga alipelekwa Lynchburg, Virginia, kwenye shule ya kidini ya watu weusi. Meno yake yalifunikwa kwa vifuniko ili yaonekane kama ya watu wengine. Alivalishwa suti. Jina lake likawa Otto Bingo. Anne Spencer, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, alikuwa mmoja wa waliomfundisha Kiingereza. Hapo alipata watu waliomtendea vizuri, nyumba ya kulala na chakula cha pamoja, na hilo tusilifute. Lakini hata wema ule ulidai kitu: avae jina jingine, meno mengine, lugha nyingine.

Aliacha masomo akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Muda wake mzuri ulikuwa msituni, nje ya mji. Aliwachukua wavulana wa jirani akawafundisha kutengeneza pinde na mikuki, kuvua samaki, kufuata nyuki mpaka kwenye asali. Baadhi ya wavulana wale walipokuwa wazee walimkumbuka kama mwalimu. Hapo tena tunamwona akiamua mwenyewe. Mtu aliyeonyeshwa kama hatua ya chini ya binadamu alikuwa na elimu ya kutosha kufundisha, na alifundisha kwa Kiingereza chake kidogo na kwa mikono.

Alitaka kurudi Kongo. Nauli ilikuwa kubwa, na mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikavuruga safari za bahari. Alianza kunyamaza. Tarehe 20 Machi 1916 aliwasha moto, akavunja vile vifuniko vya meno, na akajipiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 32 au 33. Alizikwa Lynchburg, na kaburi lake halina alama ya hakika. Mwaka 2020, miaka 114 baada ya kizimba, shirika linaloendesha bustani ile ya Bronx liliomba radhi hadharani.

Karatasi yetu

Msomaji anaweza kusema: hayo ni mambo ya Wamarekani na ya Bula Matari, yamepita. Basi tuangalie Kiswahili chetu wenyewe. Neno mbilikimo wengi hulichambua kuwa mbili na kimo: watu wa vipimo viwili vya urefu. Yaani kabla ya kibao cha Bronx, lugha yetu ilikuwa imekwisha kuwaita watu hawa kwa kipimo cha mwili. Na sisi tunalitumia bado, darasani na sokoni, wakati wenyewe wana majina: Batwa, Bambuti, Baefe, Baaka.

Batwa waliofukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970, ulipofanywa mbuga ya taifa, wamebaki pembeni ya vijiji vya wengine, na watoto wao wanakua katika lugha za wengine. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 sasa inatambua mila zao na haki yao juu ya ardhi na mali asili. Ni hatua kubwa. Lakini sheria haiandiki msamiati. Kazi hiyo ni yetu, sisi wa vitivo vya lugha, na bado tunaifanya vibaya. Mara nyingi tunapotaka kujua Batwa wanasema nini, tunakaa kwa chifu wa kijiji jirani, tunamuuliza yeye, naye anatujibu kwamba wale hawana lugha, wanasema yetu tu, tena kwa makosa. Tunaandika hivyo na kurudi nyumbani. Pengine yanayoitwa makosa ndiyo tuliyoyafuata. Pengine ni toni nyingine, au neno la asali ambalo chifu halijui.

Ninapendekeza kwa wenzangu na kwa walimu wetu mambo mawili ambayo hayahitaji fedha. La kwanza, katika kila utafiti unaowahusu watu wa msituni, msemaji wa kwanza awe mmoja wao, na jina la lugha liandikwe kama yeye anavyolitamka, pamoja na toni zake. La pili, tazi na kumbukumbu za kitivo chetu zinazowataja zisomwe upya, na kila mahali palipoandikwa kwamba hawana lugha, aandikwe pia aliyesema hivyo. Kwa Ota Benga nafasi ile kwenye karatasi itabaki wazi. Kwa wajukuu wa watu wake, walio hai leo Kasai, Ituri, Tanganyika na Kivu, bado inaweza kujazwa.